Tusome aya kumi kabla ya kukimbilia neno la kinabii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na Wakristo wenzangu wa Mtwara na Lindi. Minada ya korosho inakaribia, na fedha za msimu zikianza kuingia benki mabango ya mikutano nayo huongezeka: njoo upokee neno lako, njoo Mungu aseme nawe usiku wa leo. Sina ugomvi na mikutano ya Injili. Ninachokipinga ni wazo lililojificha nyuma ya mabango hayo, kwamba Mungu husema na wachache wenye vipaza sauti, na sisi wengine kazi yetu ni kupanga foleni. Mkristo mwenye Biblia ndani ya nyumba yake anaweza kujifunza kumsikiliza Mungu. Ni kazi inayofundishika, ina utaratibu wake, na ina mahali ambapo watu wengi huiharibu.

Jambo hili si geni Kusini. Masasi ina Wakristo tangu 1876, Waanglikana wa UMCA, shirika la kimisionari la Kiingereza, walipofika na watu waliokombolewa utumwani. Ndanda ina watawa wa Kibenediktini tangu 1906. Kanuni wanayoifuata watawa hao, aliyoiandika Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6, inaanza kwa kumwambia msomaji asikilize. Sura yake ya 48 inapanga saa za kusoma Neno la Mungu palepale inapopanga saa za kazi za mikono, na sura ya 20 inataka sala iwe fupi na safi. Nayataja haya kwa ajili ya wanaosema hawana nafasi ya kumsikiliza Mungu kwa sababu wana mashamba. Kanuni hiyo iliandikiwa watu waliofanya kazi kwa mikono yao.

Anza na dakika 20. Usianze na saa nzima, wala na mkesha. Wengi huanguka kwa sababu wametoka semina wamechemka, wakajiwekea saa mbili kila siku. Siku ya nne wamechoka, wiki haijaisha wanajiona wakosaji, kisha wanaacha kabisa. Wakati mzuri ni alfajiri, kabla data ya simu haijawashwa. Marko 1:35 inasimulia kwamba Bwana Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Usiku uliotangulia alikuwa amewaponya wagonjwa wengi, na mji mzima ulikuwa umekusanyika mlangoni, kwa hiyo tusidhani alikuwa likizo. Mitaa yetu mingi huamshwa na adhana ya alfajiri ya ndugu zetu Waislamu, basi hata saa ya kengele huihitaji. Ila mama mwenye mtoto mchanga asijitese na alfajiri. Achukue zile dakika mtoto analala mchana. Kibarua anayeingia shambani saa 12 asubuhi achukue jioni, na achukue kabla ya chakula, maana ugali ukishatulia tumboni hakuna sala itakayoshindana nao.

Keti wima, kwenye kiti, kigoda au mkeka wenye ukuta wa kuegemea. Anayesoma amelala ndani ya chandarua anajibembeleza tu. Tumia Biblia ya karatasi ukiwa nayo. Kama unayo ya kwenye simu peke yake, weka simu katika hali ya ndege kwanza, kwa sababu ujumbe mmoja wa WhatsApp ukiingia katikati ya Zaburi, hiyo Zaburi imekwisha.

Kipimo cha kusoma ni aya kumi hivi. Injili ya Marko ina sura 16 na aya zisizofika 680, kwa hiyo kwa aya kumi kwa siku unaimaliza katika siku 68 au 70. Ianze hiyo, kwa kuwa ni fupi, haina maneno mengi, na inakuweka karibu na Yesu mwenyewe. Ukiimaliza nenda Zaburi, halafu Luka na Matendo ya Mitume. Usianze na Ufunuo. Na ile tabia ya kufumba macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole, iache: huo ni ubashiri, tofauti yake na wa mganga ni kitabu tu.

Soma kwa sauti, hata kama ni ya chini. Zamani ndivyo watu walivyosoma; Filipo alijua Mkushi yule anasoma nabii Isaya kwa sababu alimsikia akisoma garini (Matendo 8:30). Ulimi hulazimisha jicho kwenda polepole. Rudia mara tatu. Mara ya kwanza fuata habari yenyewe: nani yupo, wapi, kumetokea nini. Mara ya pili jiulize nani anasema, anamwambia nani, na kabla ya hapo palisemwa nini. Mara ya tatu ndipo usome ukingoja. Neno au sentensi itakayokushika, simama hapo, usiendelee. Inaweza kukushika kwa faraja, au kwa kukukera. La kukera usiliruke, kwa sababu mara nyingi ndilo lenye kazi.

Ile mara ya pili ndiyo wengi wanaiacha, na ndipo makosa makubwa yanapozaliwa. Chukua Yeremia 29:11, aya inayobandikwa ukutani, kwenye bodaboda na kwenye kadi za harusi: Mungu anayajua mawazo anayowawazia watu wake, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ni kweli tupu. Lakini soma aya iliyotangulia, ya 10: amani hiyo itakuja baada ya miaka 70 ya Babeli. Panda juu hadi ya 5 na ya 6: jengeni nyumba, mkae ndani yake, pandeni bustani, oeni, ozeni. Ya 8 inawaonya watu wasidanganywe na manabii na wabashiri walio katikati yao. Barua hiyo, ambayo Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli, iliwaendea watu waliotaka kuambiwa kwamba kesho wanarudi nyumbani, nayo ikawaambia wachimbe misingi ya nyumba ugenini. Mtu anayeishika aya ya 11 peke yake kudai gari mwaka huu hajasikia alichoambiwa.

Na ukitaka kujua manabii wenyewe walikuwa watu wa namna gani, rudi sura moja nyuma, ya 28. Hanania mwana wa Azuri alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi na mfalme Yekonia atarudi. Ujumbe mtamu, una tarehe, una mkutano wa kuushangilia. Yeremia alijibu "Amina", Bwana na afanye hivyo. Kisha akatoa kipimo: nabii anayetabiri amani hujulikana kuwa ametumwa pale neno lake linapotimia. Hanania akamvua Yeremia nira ya mti aliyoivaa shingoni kama ishara ya kuutumikia Babeli, akaivunja. Hapo tungetazamia Yeremia apaze sauti naye. Biblia inasema akaenda zake. Hakuwa na neno saa ile, na hakujitungia la kujiokoa mbele ya watu. Neno lilimjia baadaye: nira ya mti imevunjwa, badala yake itakuwa nira ya chuma. Hanania alinena mwezi wa tano, akafa mwezi wa saba mwaka uleule. Katika sura ya 42, watu waliobaki Yuda wakamwomba Yeremia huyohuyo awaulizie kwa Mungu kama waende Misri. Walingoja siku kumi ndipo jibu likaja, nao wakalikataa, kwa kuwa safari walikuwa wameshaipanga mioyoni kabla ya kuuliza.

Nimekaa kwenye sura hizi kwa makusudi. Ndani yake yamo karibu makosa yote tunayoyafanya. Kuna anayeharakisha neno kwa sababu watu wamekaa mbele yake wanasubiri. Kuna anayemuuliza Mungu huku nauli ameshalipa. Na kuna anayeshindwa kuvumilia kimya, wakati hata nabii wa kweli alirudi nyumbani bila jibu.

Kimya ndicho kigumu kuliko vyote. Baada ya kusoma, kaa dakika tano bila kuomba chochote na bila kusoma. Dakika ya kwanza akili itakwenda ada ya shule, ya pili deni la salfa ya kupulizia mikorosho, ya tatu maneno uliyoambiwa na shemeji. Usipigane na mawazo hayo, wala usijilaumu, maana ukijilaumu umeongeza wazo la nne. Weka kipande cha karatasi kando: jambo la kufanya likija, liandike kwa maneno mawili, kisha rudi kwenye lile neno lililokushika. Kama huna pa kurudi, tumia mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70, ule wa kumwomba Mungu asaidie hima. Watawa hufungua nao sala zao za kila siku, na mababa wa jangwani, watawa wa kale wa Misri, waliurudia siku nzima wakiwa kazini. Ni mfupi vya kutosha kusemwa kwa pumzi moja, ukiwa umekaa au ukiwa unapalilia.

Dakika tano za kwanza, kwa wiki kadhaa, pengine hutasikia kitu. Ni kawaida. Vijana wetu jandoni hawakupewa mafunzo yote usiku mmoja. Walitengwa, wakanyamazishwa, wakazoezwa, na Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoanza 1926, aliona hekima hiyo akaliruhusu jando lifanywe kwa misingi ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Waebrania 5:14 inasema hivyohivyo juu ya wakomavu wa imani: akili zao zimezoezwa, kwa kutumiwa, kupambanua mema na mabaya.

Watu huuliza, basi Mungu akisema nitasikia nini? Mara nyingi hakuna sauti ya masikioni. Samweli aliisikia, lakini hata yeye alikimbilia kwa Eli mara tatu kabla ya kuelezwa ni nani anayemwita, na ujumbe wenyewe haukuwa wa mafanikio yake: ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya mzee aliyemlea, na kijana aliogopa kuutoa hadi asubuhi. Kwa wengi wetu ni neno la Maandiko linalokataa kuondoka moyoni siku tatu, nne. Ni dhamiri inayotaja jambo moja kwa jina lake. Ni ushauri wa mzee wa imani uliokuja bila kuuomba, ukagusa palepale uliposoma jana. Matukio peke yake ni ushahidi dhaifu kuliko yote. Mlango kufunguka haimaanishi uingie. Yona, akimkimbia Mungu, alipofika bandarini alikuta meli ipo, na nauli anayo.

Ndoto nazo tuziweke mahali pake. Iandike mara uamkapo, bila kuipamba, kisha iache wiki moja. Muhubiri 5:3 inasema wazi kwamba ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi, na msimu wa kuokota korosho una shughuli nyingi. Yeremia 23:28 inamruhusu mwenye ndoto aiseme kuwa ni ndoto. Inachokataza ni kuiuza kama Neno la Mungu.

Kuna pia sauti ya mashtaka, ambayo waumini wengi wanyofu huidhania kuwa ya Mungu. Tofauti yake inaonekana ukiitazama kwa utulivu. Roho Mtakatifu anapomshtaki mtu, hutaja kosa moja, la siku fulani, na huonyesha njia ya kutoka: nenda ukaombe radhi, rudisha ile fedha. Mashtaka ya adui hayataji kitu. Yanasema wewe hufai, hujawahi kufaa, Mungu amekuchoka. Paulo katika 2 Wakorintho 7:10 anatenganisha huzuni ya namna ya Mungu, iletayo toba, na huzuni ya dunia iletayo mauti. Ukiona huzuni haikusogezi popote ila kukulaza kitandani, usiitii. Na ikiwa mtu anasikia sauti za kweli masikioni zinazomtukana au kumwamuru ajidhuru, halali usiku, anaogopa watu wa nyumbani, huyo apelekwe hospitali, na aombewe akiwa njiani na akiwa huko. Ndanda wamisionari walijenga kanisa na hospitali pamoja, wala hawakuona ugomvi kati yao.

Kila unachodhani umekisikia kipime kabla ya kukitenda. 1 Yohana 4:1 ni amri: msiiamini kila roho. Kipimo cha kwanza ni Maandiko yote kwa pamoja. Aya moja haitoshi. "Ufunuo" unaomtaka mume amwache mkewe, au unaomruhusu mtu kudhulumu, umeshaanguka hapo, hauhitaji siku tatu za kuombewa. Cha pili ni tabia ya ujumbe wenyewe. Yakobo 3:17 inasema hekima itokayo juu ni safi, ya amani, ya upole, tena iko tayari kusikiliza maneno ya watu. Ujumbe usiotaka kuulizwa, unaokuambia usimwambie mchungaji wala mumeo, una tatizo. Unaokuharakisha nao uutilie shaka: toa leo, usiku huu, baraka isikupite. Cha tatu ni watu. Mitume wenyewe, walipoamua jambo zito kule Yerusalemu, waliandika kwamba limempendeza Roho Mtakatifu "na sisi" (Matendo 15:28). Basi kwa jambo kubwa kama ndoa, kuuza shamba, kuhama au kuacha kazi, wapelekee watu wawili waliokomaa, wasiopata faida yoyote katika uamuzi huo, na uwe tayari kusikia hapana.

Ujumbe wa kuletewa na mtu mwingine upimwe mara mbili. Katika 1 Wafalme 13 kuna mtu wa Mungu aliyeambiwa na Bwana asile mkate wala asinywe maji kule Betheli. Nabii mzee akamfuata njiani akamwambia, mimi nami ni nabii, malaika amesema nami, rudi ule. Biblia inaongeza kwa ufupi kwamba alimdanganya. Yule mtu akarudi, akala, na simba akamuua njiani. Mvi, cheo na kutajwa kwa malaika havikutosha kufuta neno alilokwisha kupewa. Walinzi watatu wa kanisa, vazi la zambarau na gari la vioo vyeusi havitoshi pia.

Kuhusu fedha nitasema waziwazi. Mika 3:5 inawataja manabii wanaotangaza amani wakipewa cha kutafuna, na wasiowatilia kinywani huwatangazia vita. Elisha alikataa zawadi za Naamani baada ya kumponya ukoma. Gehazi mtumishi wake akamkimbilia nyuma, akachukua talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akaupata ukoma wa Naamani. Didake, maandiko ya Wakristo wa kale sana, inatoa kipimo chepesi ambacho bado kinafanya kazi: anayesema "katika Roho" nipeni fedha, msimsikilize, lakini akiwaomba kwa ajili ya wengine wenye shida, asihukumiwe. Sadaka ya kanisa ni halali, inaandikwa, inasomwa mbele ya waumini. Bei ya kuonana na mtumishi, bei ya mafuta, bei ya maji, hizo ni biashara, na mkulima ana haki ya kuziita hivyo.

Sasa kutii, ambako ndiko nguvu ya kiroho inakokua. Watu wengi hulalamika kwamba Mungu amenyamaza, kumbe alisema mwezi wa saba na hawakutenda. Jibu la kusoma aya kumi liwe tendo moja dogo, lenye mtu na siku. Usiandike "niwe na upendo". Andika "Jumamosi nimlipe aliyepalilia". Yakobo 5:4 inasema ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kilio chao kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kwa hiyo kama vibarua wako wa kupalilia na kuokota korosho wanasubiri malipo huku wewe unakesha kuomba kufunguliwa, fahamu kwamba wameshatangulia kufika kwa yule unayemwomba. Mwenye kununua korosho kwa kangomba, yaani kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, kwa jirani aliyebanwa na ugonjwa, mwenye kutia mchanga na kokoto katika gunia ili mizani ipande, asitafute neno jipya. La zamani liko Mithali 11:1: mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana.

Tunza daftari dogo la shule. Kila siku mistari minne: tarehe, aya ulizosoma, sentensi iliyokushika, tendo. Siku inayofuata weka alama kama umetenda. Usiandike kurasa, maana zitageuka malalamiko, wala usiandike "unabii" kuhusu watu wengine. Mwisho wa mwezi soma lote kwa mara moja. Utaona neno lililorudi mara tatu au nne katika sura tofauti, kuhusu ulimi, kuhusu mzazi, kuhusu fedha. Hilo ndilo la kumpelekea padri, mchungaji au katekista, mkalizungumza.

Zitakuja wiki ambazo Biblia ni kavu kama jani la mkorosho lililodondoka. Sababu zichunguzwe kwa mpangilio: kwanza mwili, maana uchovu wa msimu, malaria na kukosa usingizi hukausha sala ya mtu yeyote, pili tendo uliloliacha, tatu mazoea, pengine umebaki kwenye kitabu kimoja kwa muda mrefu. Ukikosa sababu, endelea vilevile, punguza hadi dakika kumi lakini usivunje. Na usibadili katika ukavu uamuzi uliouweka ukiwa na amani. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti aliyefariki 1556, aliwafundisha watu wake hivyo, na ni ushauri ambao umeokoa miito na ndoa nyingi.

Kufunga kunasaidia, ila kwa kiasi. Kwa anayeanza, aache mlo mmoja siku moja kwa juma, anywe maji, na muda wa mlo huo autumie kusoma, chakula chake kimfikie mwenye njaa kama Isaya 58 inavyotaka. Kufunga siku tatu bila maji kwa Esta kulikuwa kwa taifa lililohukumiwa kufa. Siyo kwa mtu anayefyeka shamba juani. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari na vidonda vya tumbo wafunge maneno, simu au anasa. Na yeyote atakayeambiwa na mtumishi aache dawa za kufubaza virusi, za presha, za sukari au za kifafa ili kuonyesha imani, akatae, na amtaje kwa viongozi wa kanisa.

Mwisho ni jumuiya, ambapo silaha tunayo tayari na tunaitumia vibaya. Jumuiya ndogo ndogo nyingi hutumia utaratibu wa hatua saba uliotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyowagusa, kukaa kimya, kushirikishana, kuzungumzia kazi ya kufanya, kusali. Tazama unavyoharibika. Hatua ya tatu inataka mtu arudie maneno tu, lakini mmoja anaanza kuhubiri. Ya nne, ya kimya, inapewa sekunde kumi kisha mtu anaanzisha wimbo. Ya tano inakuwa ya kumsema jirani asiyekuwepo. Ya sita inamezwa na michango. Kiongozi anaweza kurekebisha yote kwa mambo machache: kimya kipimwe kwa saa, dakika tatu kamili, anayeshirikisha aseme "mimi", asiseme "sisi" wala "watu wengine", michango isubiri hadi sala ya mwisho, na mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza kazi ya wiki iliyopita imefanyika au la.

Ninaomba basi mapadri, wachungaji na makatekista wa mikoa hii miwili wafanye mambo mawili kabla minada haijaanza. Wabandike mlangoni mwa kanisa masomo ya wiki nzima, sura na aya, ili watu wasome jambo moja majumbani. Na baada ya mahubiri ya Jumapili waache dakika mbili za kimya, kwaya ikiwa imekaa na kinanda kimezimwa. Asiyejua kusoma asione aibu: mtoto wa darasa la nne anaweza kumsomea bibi aya kumi kila jioni, polepole, mara tatu, na bibi akamweleza mtoto ni neno lipi limemshika.

Wako katika Kristo,
Mwalimu wa katekesi,
Masasi, Mtwara